Wasichana Waliokosa Sindano ya Pili

Aprili 2024 Tanzania ilibadili utaratibu wa chanjo ya HPV, ile inayowakinga wasichana na saratani ya mlango wa kizazi. Tangu 2018 binti wa miaka 14 alikuwa akichomwa sindano mbili, ya pili miezi kadhaa baada ya ile ya kwanza. Sasa ikatangazwa kwamba wasichana wa miaka 9 hadi 14 watachomwa moja, basi. Mzazi mwenye mabinti wawili angeweza kuuliza bila kuonekana mkorofi: dada mtu alipewa mbili, mdogo mtu anapewa moja, je, dawa imepungua, fedha za wafadhili zimekata, au hawa wa sasa wanapunjwa?

Ni swali la haki, na mara nyingi hujibiwa kivivu: wataalamu wamesema. Ni kweli wamesema, lakini hawakuota. Jibu lenyewe lilipitia Costa Rica, India, Kisumu, Thika na Mwanza, na lilianza na wanawake ambao, kwa sababu zao, hawakurudi kuchomwa sindano ya pili.

Tuanze na kirusi chenyewe. HPV ni ukoo wenye aina zaidi ya 200, na nyingi hazina makuu. Zile chunjua zinazowaota watoto wa shule vidoleni huletwa na baadhi yake. Aina namba 6 na 11 huleta masundosundo ya sehemu za siri, ambayo husumbua na kutia aibu lakini hayaui. Za hatari ni chache, na mbili kati ya hizo, namba 16 na 18, ndizo zinazosababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi duniani. Namba 16 hukutwa pia katika saratani za njia ya haja kubwa, uke, uume na koromeo, kwa hiyo wanaume nao wamo.

Kirusi hupita ngozi inapogusana na ngozi wakati wa kujamiiana. Kondomu hupunguza hatari, ila haifuniki kila mahali. Watu wengi walioanza kujamiiana hukipata wakati fulani, mara nyingi mapema, bila homa, bila mwasho, bila habari. Kwa watu 9 kati ya 10 mwili hukifukuza wenyewe ndani ya miaka 2 hivi. Na hapa kuna neno linalofaa kusemwa wazi kwenye vikao vya ukoo: mwanamke aliyemjua mume mmoja tu maisha yake yote anaweza kuugua, maana kukutana na kirusi mara moja kunatosha, na aliyekuja nacho huenda alikipata miaka mingi kabla ya posa. Saratani hii si cheti cha tabia. Aibu iliyobandikwa juu yake imewachelewesha wanawake wengi kufika hospitali, na kwa kuchelewa huko wamekufa.

Kwa wachache ambao mwili haukifukuzi, kirusi hukaa pale kwenye mlango wa kizazi, mahali aina mbili za utando wa ndani zinapokutana na seli zake zikiwa katika kubadilika kila mara. Kikiwa humo hutengeneza protini mbili, E6 na E7. Kila seli yetu ina protini iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuizuia seli iliyoharibika isizaane, au kuiua kabisa. E6 huifanya p53 ivunjwevunjwe. E7 nayo huishika protini nyingine, Rb, inayodhibiti kasi ya seli kugawanyika. Seli iliyopokonywa zote mbili huendelea kuzaana na makosa yake, na makosa hurundikana. Kwa kawaida kutoka maambukizi hadi saratani hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye VVU ambaye hajatibiwa, miaka 5 hadi 10 inaweza kutosha, na kwa jumla hatari yake ya kupata saratani hii ni mara 6 ya mwanamke asiye na VVU.

Kwamba ugonjwa huu una uhusiano na kujamiiana kulishukiwa zamani. Mwaka 1842 daktari Mwitaliano, Domenico Rigoni-Stern, alipekua kumbukumbu za vifo vya mji wa Verona akaona kwamba masista walikufa kwa saratani ya kizazi mara chache mno kuliko wanawake walioolewa. Alichokosa ni mhalifu. Hadi miaka ya 1970 wanasayansi wengi walikuwa wameshamchagua: kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri. Mjerumani Harald zur Hausen alitafuta vinasaba vya kirusi hicho ndani ya uvimbe, asivione, akasema wazi kwamba mnamkamata asiye na kosa. Yeye alishuku kirusi cha chunjua. Hakupata makofi. Aliendelea kutafuta, na mwaka 1983 kundi lake likaitenga HPV 16 kutoka kwenye saratani ya mlango wa kizazi, kisha mwaka uliofuata HPV 18. Alizifuata kampuni za dawa kuzishawishi zitengeneze chanjo, akajibiwa kwamba soko halipo. Tuzo ya Nobel aliipata 2008.

Kundi hilo lilipopima seli maarufu za HeLa, ambazo maabara za dunia nzima zimekuwa zikizikuza tangu 1951, liliikuta humo HPV 18. Seli hizo zilichukuliwa bila ridhaa kutoka kwa Henrietta Lacks, mama mweusi wa watoto 5 aliyekufa kwa saratani ya mlango wa kizazi mjini Baltimore akiwa na miaka 31. Zaidi ya miaka 30 baada ya kuzikwa, seli zake zikataja kilichomuua.

Kutengeneza chanjo kulikuwa na kikwazo: huwezi kumdunga mtoto mzima kirusi ambacho jeni zake zinaleta saratani, hata kikiwa kimedhoofishwa. Njia ilipatikana Brisbane, Australia, mwaka 1991. Ian Frazer na mwenzake kutoka China, Jian Zhou, waligundua kwamba protini ya gamba la kirusi, L1, ikitengenezwa maabara hujipanga yenyewe na kuwa kitu kinachofanana na kirusi kwa umbo lote, ila ndani hamna kitu. Ni kifuu bila nazi. Huko Marekani Douglas Lowy na John Schiller nao walikuwa wakiifanyia kazi protini hiyo hiyo, na mchango wao ulikuwa mkubwa. Ndani ya chanjo hamna vinasaba vya kirusi, kwa hiyo haiwezi kuambukiza wala kuleta saratani. Kinga ya mwili hulitambua umbo, huunda kingamwili, na siku kirusi halisi kitakapokuja hunaswa kabla hakijaingia kwenye seli. Kikishaingia, chanjo haina la kufanya, maana haitibu. Ndiyo sababu hupewa mtoto wa darasa la nne au la tano, ambaye wazazi wanaona mambo hayo bado yako mbali. Hasa kwa kuwa bado yako mbali.

Chanjo ya kwanza iliidhinishwa 2006, kwa sindano tatu. Kwa nini tatu? Zaidi kwa mazoea. Chanjo ya homa ya ini aina ya B, iliyotengenezwa pia kwa protini ya kirusi bila kirusi chenyewe, ilitolewa mara tatu, basi na hii ikafuata nyayo. Hakuna aliyekuwa amejaribu moja akaona haitoshi.

Katika jimbo la Guanacaste, Costa Rica, zaidi ya wanawake 7,000 wa miaka 18 hadi 25 walikuwa wameingia kwenye jaribio la chanjo. Kama ilivyo popote, si wote waliomaliza. Wengine walipata mimba, na utaratibu ulikataza kumchoma mjamzito. Wengine walipelekwa kwanza kuchunguzwa zaidi mlango wa kizazi. Takriban mmoja kati ya watano alikosa angalau sindano moja. Kwenye majaribio mengi watu hawa huonekana ni doa: majina yao hutolewa pembeni, hesabu ikafanywa bila wao. Aimée Kreimer na wenzake waliwafuata hao hao. Mwaka 2011 walitoa matokeo: baada ya miaka 4, waliopata sindano moja tu, ingawa walikuwa karibu 200, walikuwa wamekingwa dhidi ya namba 16 na 18 sawa na waliopata tatu.

Idadi ilikuwa ndogo mno kubadilisha sera ya nchi yoyote. Kisha ikaja India, tena kwa mkosi. Kulikuwa na jaribio kubwa la kulinganisha sindano mbili na tatu. Mwaka 2010, baada ya vifo vya wasichana kadhaa katika mradi mwingine kabisa, vifo ambavyo uchunguzi haukuvihusisha na chanjo, serikali ilisimamisha majaribio yote ya chanjo ya HPV. Karibu wasichana 5,000 wakabaki wamepata sindano moja tu, na nyingine haikuja. Watafiti hawakuwatelekeza. Walipowapima baada ya miaka 10, kinga ya sindano hiyo moja dhidi ya maambukizi sugu ya namba 16 na 18 ilikuwa asilimia 95, na waliopata mbili au tatu hawakuwa wamewazidi kwa lolote la maana.

Mwenye kushuku bado alikuwa na hoja. Watu hawa hawakupangwa kwa kura. Pengine aliyekosa sindano ya pili ana maisha tofauti na aliyemaliza, na tofauti hiyo ndiyo inayomkinga. Sayansi nzuri huheshimu hoja ya namna hii, na jibu lake likatafutwa Kenya. Kati ya 2018 na 2019 wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20, katika vituo vya Kisumu, Thika na Nairobi, waligawanywa kwa kura: wengine sindano moja ya HPV, wengine sindano ya ugonjwa wa uti wa mgongo, ambayo nayo ina faida yake. Utafiti huo, uliofanywa na watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, pamoja na wenzao wa Marekani, uliitwa KEN SHE. Baada ya miezi 18 walihesabu maambukizi mapya yaliyokaa bila kuondoka. Yalikuwa 38 ya namba 16 na 18. Kati ya hayo, 36 yalikuwa kwa wanawake wa upande wa uti wa mgongo. Makundi mawili ya HPV, kila moja na chanjo ya aina yake, yalikuwa na moja moja.

Sijui namba iliyo rahisi kuisoma kuliko hiyo: 36 kwa 2.

Lakini hao walikuwa wasichana wakubwa, na sera inamlenga mtoto wa miaka 9 hadi 14. Kumsubiri mtoto wa miaka 9 akue, aanze kujamiiana, ndipo uangalie kama ameambukizwa, ni kusubiri miaka ambayo wengine wataitumia kuugua. Hapo ndipo Mwanza ilipoingia. Utafiti wa DoRIS uliwaandikisha wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, ukawagawa kwa kura wapate sindano moja, mbili au tatu, kisha ukawa unachukua damu yao kupima kingamwili. Miaka 2 baadaye, zaidi ya 9 katika kila 10 ya waliochomwa moja bado walikuwa na kingamwili za namba 16 na 18. Damu yao ililinganishwa na ya wanawake wa Costa Rica na India, wale ambao tayari ilijulikana kwamba wamekingwa, ikaonekana haipungui. Ni kweli waliochomwa mbili au tatu walikuwa na kingamwili nyingi zaidi. Ila nyingi zaidi ya zinazotosha hazimwongezei mtu kitu.

Kwa nini moja itoshe wakati chanjo nyingine zinadai kurudiwa? Maelezo yanayokubalika zaidi yapo kwenye umbo lile tupu. Gamba hilo lina nakala 360 za protini moja, zimepangwa kwa mpangilio usiobadilika. Kinga yetu imezoea kwamba mpangilio wa namna hiyo ni wa virusi na bakteria, si wa mwili wenyewe, kwa hiyo huuchukulia kwa uzito wote: seli zinazotoa kingamwili huzalishwa, nyingine zikaenda kukaa kwenye uboho wa mifupa, na huko huendelea kufanya kazi miaka na miaka. Kirusi chenyewe kikija kwa njia yake ya kawaida hakiingii kwenye damu. Hujificha kwenye utando wa juu, na mwili mara nyingi hauna habari ya kutosha. Ndiyo maana chanjo huleta kingamwili nyingi kuliko ugonjwa wenyewe, jambo lisilo la kawaida kwenye chanjo.

Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani liliruhusu ratiba ya sindano moja. Tanzania ikafuata 2024, Kenya 2025. Wasichana wenye VVU au wenye upungufu mwingine wa kinga wametengewa ratiba yao, sindano angalau mbili, na inapowezekana tatu. Mzazi wa mtoto wa namna hiyo amwambie muuguzi kabla, faragha.

Na fedha? Mzazi aliyedhani fedha ina mkono wake hakukosea kabisa. Tanzania ilipoanza 2018 iliwachagua wa miaka 14 pekee kwa sababu chanjo duniani haikutosha kuwafikia wote. Sindano moja badala ya mbili maana yake shehena ile ile inawafikia wasichana mara mbili ya wale wa awali, na muuguzi hahitaji kurudi shuleni kumtafuta aliyehama au aliyeacha masomo. Unafuu huo ni wa kweli, na hauna haja ya kufichwa. Ushahidi wa kwamba kinga haipungui ulikuja kwanza.

Faida yenyewe imeshaonekana kwa nchi zilizotangulia. Uingereza, waliochanjwa wakiwa na miaka 12 hadi 13 wameonekana kupata saratani hii pungufu kwa asilimia 87. Sweden, waliochanjwa kabla ya miaka 17, pungufu kwa asilimia 88. Scotland, Januari 2024, ilitangaza kwamba miongoni mwa waliokamilisha chanjo wakiwa na miaka 12 hadi 13 haijaonekana hata saratani moja iliyokwisha kupenya. Hizo ni nchi tajiri, lakini utajiri si sharti: Rwanda ilianza 2011, ikipitia shuleni, na mwaka wa kwanza tu iliwafikia zaidi ya asilimia 90 ya wasichana iliowalenga.

Kinachotusumbua huku ni uvumi wa kwamba chanjo inaziba kizazi. Umetembea toka kituo cha daladala hadi kundi la WhatsApp la kina mama wa kanisa au madrasa, na Kenya uliwahi kuzuka mwingine wa namna hiyo mwaka 2014 juu ya chanjo ya pepopunda. Methali yetu ya lisemwalo lipo imetuponza hapa. Wasichana waliochanjwa Australia kuanzia 2007 sasa ni akina mama wenye watoto. Dozi mamia ya mamilioni zimetolewa duniani, na tafiti hazijaona kizazi kilichozibwa. Kinachoonekana ni mkono kuuma, kichwa, na wasichana wengine kuzirai dakika chache baada ya sindano, ndiyo maana huambiwa wakae robo saa kabla ya kurudi darasani. Wakati huo huo saratani yenyewe ikishashika, matibabu huwa ni kuondoa kizazi au kukichoma kwa mionzi. Anayeogopa utasa ameogopa upande usio wenyewe.

Uvumi una gharama inayoweza kuhesabiwa. Japani ilikuwa ikiwachanja takriban asilimia 70 ya wasichana wake. Mwaka 2013, baada ya vyombo vya habari kuonyesha wasichana waliodaiwa kudhuriwa, serikali iliacha kuihimiza chanjo, na kiwango kikaporomoka hadi chini ya asilimia 1. Uhusiano wa dalili hizo na chanjo haukuthibitishwa. Himizo lilirudi 2022, na watafiti wa huko wamekadiria kwamba maelfu ya wanawake waliokosa chanjo katikati hapo watakufa kwa saratani hii.

Limebaki la mama mwenyewe, yule anayesaini fomu ya binti yake. Chanjo haitamfaa sana, kwa sababu huenda alishakutana na kirusi zamani. Na ndiye aliye hatarini sasa hivi: Tanzania peke yake wanawake zaidi ya 10,000 hugundulika na saratani hii kila mwaka, na zaidi ya 6,500 hufa. Wengi wanaopokewa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road hufika ugonjwa umekwisha kuenea, wakiwa wameshaanza kutokwa damu baada ya tendo la ndoa, au damu imerudi wakati hedhi ilishakoma. Hizo si dalili za mwanzo. Mwanzoni hakuna dalili yoyote, na ndipo penye miaka ile 15 ya kumuwahi.

Kipimo kilichozoeleka kwenye vituo vyetu hakihitaji mashine. Muuguzi hupaka mlango wa kizazi asidi nyepesi, ile ile iliyomo kwenye siki ya jikoni, husubiri dakika moja hivi na kuangalia: seli zilizoanza kuharibika hugeuka nyeupe. Zikionekana, mara nyingi huunguzwa kwa kifaa cha joto hapo hapo, siku hiyo hiyo, na mama akarudi nyumbani kwa miguu yake. Kipimo kipya zaidi hutafuta vinasaba vya HPV, na sampuli yake mwanamke anaweza kuichukua mwenyewe, kwa kijiti chenye pamba, nyuma ya pazia, bila mtu kumwangalia. Kwa asiye na VVU kianze akiwa na miaka 30. Akikutwa hana kirusi, anaweza kukaa miaka 5 hadi 10 kabla ya kupimwa tena. Mwenye VVU aanze na 25, arudi kila baada ya miaka 3 hadi 5. Binti aliyechanjwa naye, akifika umri huo, atapimwa, maana aina nyingine za hatari ziko nje ya chanjo.